Hosteli ya wasichana Ligula, Mtwara: mwaka wa kwanza lipa semista moja kwanza, ya pili utaamua mwenyewe

Naanza na bei manake najua wengi mnasoma kwa ajili ya hiyo tu. Kitanda kwenye chumba cha watu wanne ni laki na themanini kwa semista, chumba cha wawili ni laki mbili na sitini kila mtu, maji yamo, mlinzi yumo, umeme mnanunua wenyewe luku ya chumba chenu, chakula hakimo ila kuna mama anapika pale pale uani na huyo nitamfikia. Nyota nawapa tatu na nusu kati ya tano na kiukweli mbili kati ya hizo ni za watu, jengo limeambulia moja na nusu. Jina siandiki sababu mwenye nyumba sijamuomba ruhusa, ila ukifika Ligula mwambie bodaboda akupeleke hosteli ya wasichana yenye mkorosho getini, hapotei.

Mi sio yule binti aliyemaliza form six mwezi wa tano akapanda basi mwezi wa kumi. Nimekuwa karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, huko Tandahimba misimu kadhaa, kazi yangu mizani na risiti, korosho zinaingia napima naandika, zinapelekwa ghala kuu, mnada unapigwa, hela inaingia kwenye akaunti ya mkulima, msimu ukiisha tunapumua. Sasa nimeacha mshahara nimekuja kusoma digrii, ile ya kukaa darasani mchana kutwa na watoto waliozaliwa mi nikiwa shule ya msingi, na mkopo wa bodi nimepata lakini sio asilimia zote. Kwa hiyo kila shilingi naiona inavyotoka, na mtanisamehe hesabu zitakuwa nyingi humu ndani.

Hesabu ya kwanza ni ya masaa na hii hakuna aliyeniambia kabla sijaja. Ukipewa ratiba ya chuo unafurahi, Jumatatu vipindi viwili, Jumanne kimoja asubuhi na kingine saa kumi jioni, Ijumaa mchana huna kitu, unaona hapa naweza kufungua hata genge la nyanya nikawa nasoma jioni. Alafu unakuja kukutana na vile TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wanavyohesabu, krediti moja ni masaa kumi ya kujifunza, mwaka mmoja wa digrii ni krediti 120, yani masaa 1,200, na ukichukulia wiki kumi na tano za masomo kila semista unapata masaa arobaini kwa wiki. Hiyo ni ajira kamili jamani! Vipindi vya darasani ni kipande tu, hayo mengine unatakiwa uyatafute wewe mwenyewe na hakuna mtu wa kukusainisha daftari la mahudhurio, ukilala mchana wote utalala, atakayekuamsha ni matokeo ya test yakibandikwa. Ndo maana hosteli mi nimeipima kwa kitu kimoja, inanipa masaa au inakula masaa yangu, mambo ya tailizi na rangi ya ukuta nimewaachia wanaopiga picha.

Kwa umbali inanipa. Kwa mguu ni dakika kumi na tano mpaka darasani, mwezi wa kumi na moja zinakuwa ishirini sababu jua la Mtwara miezi ile unasimama kila penye kivuli, ukichelewa boda buku. Darasani kwetu kuna mwenzetu amepanga kule Naliendele sababu vyumba kule bei chini, asubuhi anasubiri daladala ijae, kipindi cha saa moja na nusu yeye anaingia mhadhiri ameshafuta ubao mara ya kwanza, jioni tukikaa grupu anaaga mapema manake anaogopa kukosa gari. Kodi aliyookoa sijui ameiweka wapi ila masaa hana.

Kwa maji inakula, tena inakula kwelikweli. Vyumba sita, wasichana kama ishirini, mabafu mawili na vyoo viwili. Kuanzia saa kumi na moja na nusu alfajiri kuna mstari wa ndoo pale nje, ndoo zinapanga foleni wenyewe wamerudi kulala, na ole wako uisogeze ndoo ya mtu. Tenki lipo kubwa tu ila linajazwa na pampu na pampu inataka umeme, umeme ukikatika usiku asubuhi kila mtu anaenda darasani kanawa uso. Mama mwenye hosteli aliwahi kubandika ratiba ya kuoga kwa vyumba, chumba cha kwanza saa kumi na moja, cha pili saa kumi na moja na nusu, karatasi nzuri imepigwa chapa kabisa, ikafa kifo cha kawaida baada ya wiki. Dawa niliyoiona ni kuoga usiku, hakuna mtu, maji yapo, unalala mwepesi na asubuhi unaamka unanawa unaenda zako.

Umeme ndo unaleta ugomvi kuliko wanaume. Luku ni moja kwa chumba, mnachangia elfu mbili mbili au tatu tatu, sasa unakuta mwenzio anachemsha maharage kwenye rais kuka tangu saa nane mpaka magharibi alafu anachanga sawa na wewe unayechaji simu na laptopu. Hita za kuchemshia maji ni marufuku, mkaa marufuku, na mtungi wa gesi marufuku ndani ya chumba. Hapo huwa nacheka peke yangu, yani tuko Mtwara, gesi inachimbwa Mnazi Bay hapo, tangu 2015 inasafiri kwenye bomba mpaka Dar es Salaam, sisi tuliolala karibu nayo tunanyang'anywa mtungi wa kilo sita getini. Ila namuelewa mama wa watu, vitanda vya mbao, vyandarua, mapazia, watoto wanaosahau chungu jikoni wakaenda kupiga stori, angekuwa na moto kila wiki.

Kuhusu joto sikiliza vizuri. Vyumba vitatu vya mbele havina silingi bodi, ni bati moja kwa moja, kuanzia mwezi wa kumi mpaka mvua zikolee humo ndani mchana hakukaliki, kitabu unafungua jasho linadondokea kwenye karatasi. Vyumba vya nyuma vina silingi na madirisha yanapokea upepo wa baharini jioni. Bei ni ile ile! Kwa hiyo ukiletewa chumba cha mbele kataa kistaarabu, sema utasubiri, hata kama itabidi ulale kwa ndugu siku mbili tatu.

Tangazo lao wameandika wifi bure. Wifi ipo, ruta iko chumbani kwa mama mwenyewe na inawafikia chumba cha kwanza na nusu ya cha pili, sisi wengine tunaenda kusimama kwenye korido tumeinua simu juu kushusha madesa, yani notsi, yaliyotumwa na siaa, kiongozi wa darasa, alafu tunarudi kutumia bando letu. Nyota nusu nimekata hapo, wangeandika tu hakuna wifi mtu ajipange.

Sasa baraza. Hii ndo sababu ya mimi kuandika vyote hivi manake nisingepata hiyo baraza sijui kama ningefika test ya pili. Mbele ya vyumba vya nyuma kuna kibaraza kirefu, wameweka meza ya mbao ndefu na mabenchi mawili, taa mbili nyeupe, soketi nne, na kanuni yake moja tu kwamba baada ya saa tatu usiku hapo hakuna muziki wala simu ya sauti, mwenye mpenzi wake akaongee kwenye mkorosho. Wiki zangu za mwanzo nilikuwa nasoma kitandani, kwa mtu aliyezoea kusimama mizani kutwa nzima kitanda ni kitanda, dakika kumi nimelala na desa kifuani. Siku moja yule binti wa chumba cha nne akaniambia dada njoo huku nje tupige msuli pamoja, nikaenda kwa kujikongoja, nikakuta wasichana saba wameinama kimya kila mmoja na mambo yake, wawili mwaka wa tatu, na ile kuona wenzio wameinama na wewe unainama. Nikaanza kukaa pale kila siku saa mbili mpaka saa tano. Hayo masaa arobaini ya TCU karibu nusu yake mi nayapata kwenye lile benchi.

Na pale unajifunza vitu ambavyo mhadhiri anachukulia kwamba unavijua. Mi nilikuja sijui kutengeneza slaidi, sijui kuandika marejeo ya kitabu mwishoni mwa asaimenti, nilikuwa najua kujaza fomu za ghala na kupigia hesabu makato tu. Kozi ya stadi za mawasiliano tuliyopewa semista ya kwanza mwalimu wake ni tutorial assistant, yani mhadhiri msaidizi, kijana mdogo kabisa, rika la mdogo wangu wa mwisho, anaongea haraka haraka, siku ya kwanza aliponiita mama darasa zima likageuka. Sikuweza kumwambia rudia. Ila pale barazani binti wa miaka kumi na tisa akanionyesha taratibu, hapa unabonyeza hivi, jina la mwandishi linaanza la ukoo, mwaka unakuja hapa, na mi nikamlipa kwa kumpangia hela yake ya bumu, ile ya mkopo ya kujikimu, kwenye daftari, kila kitu na mstari wake, manake alikuwa anamaliza hela kabla mwezi haujafika katikati alafu anakula mihogo mikavu.

Pale pale niliambiwa na wa mwaka wa tatu kwamba GPA inaanza kuhesabiwa semista ya kwanza, hakuna semista ya majaribio. Watu wengi wa mwaka wa kwanza wanacheza wakijua watafidia mbele, kumbe first class inataka 4.4 kati ya tano, upper second inaanzia 3.5, ukianza na C nyingi mwaka wa kwanza unakuja kukimbiza mwizi aliyeshapanda pikipiki. Na habari za sapu na keri nilizisikia pale, kwamba ukifeli somo unarudia mtihani, ukifeli tena unalibeba mwaka unaofuata, na ukizidisha unadisko unarudi nyumbani. Nyumbani kwangu kurudi kwenyewe ni Tandahimba, hata usingizi uliisha.

Chumbani tuko wanne na hapa ni bahati tu, hosteli haiwezi kujisifia. Mmoja wa Masasi, mmoja wa Kigoma, mmoja wa Njombe, mimi ndo mkubwa wao wananiita dada mkubwa na wa Kigoma akitaka kuazima kitu ananiita shangazi. Yule wa Njombe alishuka stendi ya Mkanaledi mwezi wa kumi na moja saa tisa mchana na sweta amevaa na blanketi mbili zile nzito za manyoya amebeba, safari yote ya Songea, Tunduru, Masasi blanketi mapajani. Blanketi moja sasa hivi tumetandika mezani tunapigia pasi. Wiki ya kwanza alilia kila usiku, sio kwa sauti, unasikia tu pua. Na wa Kigoma na mimi tuna kesi isiyoisha kuhusu dagaa, yeye anasema dagaa wa pwani ni takataka, mwambieni huko mliko dagaa wa Kigoma ni watamu nimekubali lakini hela ya kuwaagiza tutatoa wapi na hapa Feri samaki wabichi wanashuka kila asubuhi.

Ukiwa na mtu mmoja wa kukuuliza leo umekula, umeenda darasani, mbona umerudi mapema, unatulia. Kazini nilikuwa na watu wananiita kila dakika, karani njoo, karani gunia hili umelipima? Chuoni hakuna anayekuita. Watu mia mbili kwenye ukumbi mmoja na hakuna anayejua jina lako mpaka asaimenti za grupu zianze, na grupu lenyewe watu kumi wanaofanya watatu. Kwa hilo geto, yani chumba cha kupanga mtaani, ningekufa kwa upweke, nasema ukweli.

Haya mama wa uani. Sio mfanyakazi wa hosteli, amepewa sehemu tu na analipa kitu kidogo, banda la makuti, majiko matatu, mabenchi. Asubuhi chai na vitumbua viwili au chapati ni buku, mchana wali maharage na mchicha elfu mbili, wali kibua au ugali kibua elfu mbili mia tano, jioni anapika ugali na kisamvu cha nazi, au mboga ya mtoriro siku akiupata sokoni, buku jero tu, na hicho kisamvu kwa kweli sijakuta mwingine hapa mjini anayemfikia, nazi nzito, hajazidisha chumvi, unakuta hata waliopanga nje wanakuja na hotpoti. Ugali wake wa muhogo, watu wa bara wanaushangaa siku za kwanza, rangi ile na mvutano ule, mwezi ukiisha wanaugombania. Msimu wa ming'oko, vile viazi pori vya huku kusini, anachemsha jioni anauza na chumvi ya pilipili, hiyo ndo snaki yetu ya msuli. Upungufu wake, Jumapili hapiki anaenda kanisani na hapiti tena, na samaki akichelewa kufika saa saba chakula kinatoka saa nane wakati kipindi cha saa nane kinaanza saa nane.

Anakopesha. Ana daftari la mistari, jina lako juu, chini vimstari. Wa Njombe alikuwa anaona aibu kukopa akawa anashinda na chai, mama akamwita mbele yetu akamwambia, "Mwanangu we kula, deni halina miguu, mwenye miguu ni wewe, na getini pale nina mlinzi." Tulicheka mpaka basi, na tangu siku hiyo akala.

Kukopa kwenyewe hakuepukiki ukielewa bumu linavyokuja. Hela ya chakula na malazi kwa aliyepata asilimia zote ni 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo wa 2022/2023, zamani ilikuwa 8,500, lakini haiji kila siku wala kila mwezi, inakuja kwa mkupuo kama mara mbili kwa semista, na wa mwaka wa kwanza mpaka usajili ukamilike, kontrol namba ulipie, bima ya afya 50,400 kama huna, akaunti ya benki isome, wewe umeshakaa Mtwara wiki kadhaa unakula nini. Sasa chukua laki na themanini ya kitanda gawa kwa siku mia na ishirini, ni 1,500 kwa siku. Inabaki 8,500. Kwa bei za mama wa uani unakula mara tatu kwa kama 5,000 na inabaki ya luku, bando, sabuni na steshenari ambako ukurasa mmoja kuprinti ni mia, na kuna wahadhiri wanapenda makaratasi hao sijui wanayapeleka wapi. Mi ambaye sijapata yote nakula mara mbili na nimeacha soda, nimepungua vizuri tu.

Jambo ambalo mwenye hosteli nampa maua yake ni malipo. Hosteli nyingine nilizopita kuulizia wanataka yote mkononi siku unayoingia. Huyu anachukua nusu, nusu ya pili anakuuliza tu mzazi wako analima nini. Ukisema korosho anajua, minada inaanza mwezi wa kumi, hela inaanza kuingia kwenye akaunti za wakulima baadaye, anakuandikia mwisho wa mwezi wa kumi na mbili. Ukisema una mkopo wa bodi anakuandikia bumu la pili. Nilivyokuwa karani nilikuwa nawaona wazazi wanakuja ghalani na fomu za kujiunga na chuo mkononi wanauliza hela yetu lini, mtoto anafukuzwa, kwa hiyo mtu anayepanga kodi kwa kalenda ya mnada mi namuelewa haraka sana. Ila tarehe aliyoandika ikifika usimkwepe, shikamoo yako atapokea vizuri marahaba mwanangu hujambo, alafu sentensi inayofuata ni hela.

Na usiku mmoja yule wa Masasi alipandisha homa, malaria ile ya kutetemeka kitanda kizima kinatikisika, tukamgongea mama mwenye hosteli saa saba usiku, akavaa kanga akaita bajaji akaenda naye mwenyewe hospitali ya mkoa hapo Ligula, akakaa naye mpaka asubuhi. Hakuna mkataba unaoandika hivyo. Hapo kuna nyota moja nzima.

Geti saa nne usiku linafungwa. Wasichana wengi hawalipendi geti, mi nalipenda, ila sitadanganya kwamba linafaa kwa kila mtu, mwenye kazi ya jioni au anayetaka kusomea chuoni mpaka usiku wiki za mitihani itabidi aandikishe jina kwa mlinzi mapema na mlinzi mwenyewe kalamu huwa hana. Wageni wa kiume wanaishia kwenye mkorosho, hata kaka yako wa tumbo moja. Kelele kuna ukumbi wa sherehe nyumba ya tatu, Jumamosi singeli mpaka usiku mkubwa, Jumamosi msuli usahau, siku hizo sisi tunaenda ufukweni Shangani jioni kukaa kwenye mchanga tunaangalia kivuko cha Msangamkuu kinaenda na kurudi, bure kabisa.

Sasa swali la hosteli au geto. Chumba kimoja cha kawaida maeneo ya karibu ni kama elfu arobaini kwa mwezi, mkikaa wawili ni ishirini ishirini, kwa miezi minne ya semista unalipa elfu themanini badala ya laki na themanini, inaonekana rahisi. Lakini mwenye nyumba anataka miezi sita mbele, hiyo ni laki mbili na arobaini, dalali anataka kodi ya mwezi mmoja, arobaini nyingine, godoro, pazia, ndoo, mtungi wa gesi, na yote hayo unatakiwa kuyatoa mwezi wa kumi au wa kumi na moja kabla bumu halijatoka na kabla hujajua yule unayeingia naye chumbani ni mtu wa aina gani, ukigundua ni mlevi mwezi wa pili umeshalipa sita. Hosteli unaingia na laki kasoro na begi. Unakaa, unawajua watu, unajua njia, unajua nani anasoma na nani anajifanya anasoma. Ndo maana nasema lipa semista moja tu usikubali punguzo la mwaka mzima, wanatoa punguzo la elfu thelathini ukilipa mbili pamoja na linavutia, ila kama utaangukia chumba cha mbele chenye bati au utapata watu wasiolala elfu thelathini haitakusaidia.

Semista ya pili mi nimebaki. Mwaka wa pili nahama na yule wa Njombe, tumeshaangalia chumba mtaa wa Chuno, kina umeme wake, choo ndani, na gesi ruksa. Tutakuwa tunarudi jioni kusoma barazani na kula kisamvu, nimeshamuuliza mama mwenye hosteli kama anaruhusu waliohama, amesema meza haina kodi ila niingie na kuni, yani buku moja ya taa kila wiki.

Mwenye kutaka aanze kuulizia mwezi wa tisa, majina ya awamu ya kwanza ya vyuo yakishatoka simu yake haipokeleki. Sema unataka chumba cha nyuma, kitanda cha juu kama magoti yako mazima sababu cha chini kila mtu anakaa hapo kama benchi la stendi. Njoo na ndoo yenye mfuniko uandike jina kwa rangi ya mafuta, peni ya maka inafutika na ndoo zinabadilika wenyewe, ekstensheni yako, chandarua yao ipo lakini ina matundu lete yako, shuka mbili nyepesi, blanketi acha Njombe. Na kuna elfu kumi ya funguo wanachukua siku ya kuingia, wanasema inarudishwa siku ya kuondoka, hiyo nitathibitisha mwezi wa saba nikikabidhi.